Miaka Miwili Niliyokuongezea

Masika,

Umekwenda sokoni Birere kusukwa, na mama yako amekufuata ili wasikukaze nywele mpaka macho yapande. Nyumba ni yangu hadi jioni. Mambo ya safari siyagusi. Dawa za malaria, namba ya shangazi yako, mahali pa kuficha karatasi mkifika kwenye vizuizi, hayo yote mama yako amekuimbia wiki nzima na anayajua kuliko mimi. Barabara yetu imefungwa na vita, kwa hiyo kesho utatoka Goma upitie Bunagana, uingie Uganda, uzunguke milima, urudi Kongo kwa mpaka wa Kasindi, ndipo ufike Butembo. Mtoto wa Kongo akitaka kwenda Kongo lazima apigiwe mihuri na watu wengine. Hilo peke yake lingetosha kunikasirisha, lakini si hasira niliyokaa kuiandika leo.

Unakwenda kusomea sheria. Mtaa mzima unajua kwa nini, na unasimulia hadithi yako vizuri: mtoto alifungwa bure, akapata mtetezi, sasa naye anakwenda kuwatetea wenzake. Jumapili padri aliisimulia hivyo hivyo, watu wakapiga makofi, nami nikakaa kwenye benchi nikiuma meno. Katika hadithi ya padri mimi nimo kama baba aliyelia. Nililia, ndiyo. Lakini nilifanya mengine kabla ya kulia. Ya ndani ya gereza unayajua wewe. Ya nje sijawahi kukuambia yote, na sitaki uende kuyasikia kwa mtu mwingine, au usiyasikie kabisa.

Ulikuwa na miaka minne ulipoanza kusoma. Ulisoma maandishi ya mfuko wa unga, kisha bango la kituo cha afya, kisha ukaanza kunisahihisha nikisoma kwa haraka. Nilikuwa nafundisha darasa la kwanza na nilijivuna mpaka nikawachosha wenzangu. Nilitaka wakuone. Shule ilitaka mtoto wa miaka sita, na rejista ilikuwa mikononi mwangu. Nikakuongezea miaka miwili kwa wino wa bluu, nikaifunga, nikaenda kunywa chai. Cheti cha kuzaliwa hukuwa nacho. Kila mwezi nilikuwa nasema nitakwenda ofisi ya serikali kukuandikisha mwezi ujao. Basi kila karatasi iliyofuata ilifuata rejista ile. Nyumbani tulikuimbia siku yako ya kuzaliwa kwa hesabu ya kweli, na shuleni ukabeba hesabu yangu.

Ulipofika kumi na sita, kadi yako ya shule ilisema kumi na minane.

Sasa nakuja kwenye moto, lakini lazima nianze siku mbili kabla yake. Ulinijia nikisahihisha madaftari. Mama alikuwa amekuachia meza ya maandazi na jiko lake la makaa mchana ule, ukarudi na aproni yako mkononi. Ulisema, "Papa, ule Papa Dieumerci wa magodoro ananishika-shika. Leo amenishika kiuno."

Nakumbuka nilivyojibu. Nilisema, "Ule ni mutu mukubwa. Usimuangalie. Fanya kazi yako." Sikuinua kichwa.

Kesho yake alikushika tena, ukammwagia bakuli la unga kifuani na kumpigia kelele mbele ya soko zima, "Utaona!" Ulijitetea mwenyewe kwa sababu mtu wa kwanza aliyepaswa kukutetea alikuwa na kalamu nyekundu na hakutaka kusumbuliwa.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumamosi. Duka lake likawaka. Magodoro yakishika moto hayasubiri ndoo, na mbao za Birere zimebanana kama meno. Nilipofika mbio kutoka nyumbani meza za safu nzima zilikuwa majivu, ya mama yako pia, na Papa Dieumerci amesimama katikati ya barabara, shati limeungua mkono mmoja, amekunyooshea kidole.

"Ni huyu! Aliniambia nitaona! Ni yeye iko na mbabula, ni yeye iko na makala, muangalie mikono yake!"

Watu walikuwa wamekushika gauni. Mmoja alikuwa na jiwe. Polisi wawili wakakutoa katikati yao, na kwa hilo nawashukuru mpaka leo; nisiposema hivyo nitakuwa mwongo mara ya pili. Ila shukrani yangu kwao inaishia mlangoni mwa kituo.

Afisa aliyeandika mashtaka alinipa kiti. Aliniita Muwalimu. Akasema kwa upole, "Wewe ni mutu ya masomo, tutaelewana. Mutoto akubali, aombe samahani, tunamaliza hapa hapa. Akikataa, naandika kama amekataa, na ile itakuwa mubaya kwake."

Nilimwamini kwa sababu aliniita mutu ya masomo. Hiyo ndiyo bei yangu, Masika, sasa unaijua.

Nilikuja kwenye mlango wa kasho, chumba chao cha mahabusu. Ulikuwa umekaa chini, masizi usoni. Ukasema, "Papa, sikuchoma. Nilikuwa nageuza mandazi."

"Najua. Kubali tu, utatoka leo."

"Nikubali kitu sikufanya?"

"Kubali, Masika. Papa yako iko hapa."

Ukakubali. Afisa akaandika, akafungua mfuko wako, akatoa kadi ya shule. Akasoma kwa sauti: "Kumi na minane. Mukubwa." Akaniangalia. Sijui kama aliniangalia kwa kuuliza au kwa mazoea tu. Nilikuwa nimesimama, mkono mmoja juu ya meza yake, na nilichotakiwa kusema ni maneno matatu: kadi inasema uongo. Nilifungua kinywa. Nikaona rejista, wino wa bluu, mkaguzi wa shule, kiti changu kimekaliwa na mwingine. Nikafunga kinywa, nikatia sahihi.

Jioni hukutoka. Jumatatu walikupeleka parke, kwa mwendesha mashtaka, na kutoka parke kwenye gereza la wakubwa, upande wa wanawake.

Baadaye Maître Furaha, wakili wako, alinisomea sheria ya nchi hii, neno kwa neno, kama unavyomsomea mtoto mvivu. Mtoto hapelekwi kwenye mahakama ya wakubwa. Ana hakimu wake. Mtoto halali na wafungwa wakubwa. Na umri wake ukitiliwa shaka, anahesabiwa mtoto mpaka ijulikane vingine. Sheria yote imeandikwa vizuri sana. Ilikosa mtu mmoja tu wa kusema ana shaka, na mtu huyo alikuwa darasani akifundisha watoto wa wenzake kuhesabu mpaka ishirini.

Nilikwenda kwa mkurugenzi wetu. Akafunga mlango, akasema, "Muwalimu, ukifungua rejista moja, watafungua zote. Wewe utafukuzwa, mimi nitafukuzwa, na mutoto atabaki mule mule. Nyamaza. Tafuta avoka." Nikamshukuru. Nilimpa mkono na kumshukuru! Wakili sikumtafuta, kwa sababu avoka angeuliza.

Wiki nne. Mama yako alikuja kila siku na chakula, akisimama juani pamoja na wengine mpaka waitwe. Mimi nilikuja Jumapili. Jumapili ya pili ulikuwa na upele shingoni na umeanza kuongea polepole, kama mtu anayechagua maneno yasiyoudhi. Uliniuliza, "Papa, avoka anakuja siku gani?" Nikasema karibuni. Jumapili ya tatu hukuniuliza tena. Nilirudi nyumbani nikamfokea mama yako kwa sababu ya chumvi kwenye maharagwe.

Maître Furaha sikumleta mimi. Alikuwa anapita gerezani kwa kazi yake, kuwatetea bila malipo wasio na mtetezi, akitazama sura zilizoonekana changa mno kwa chumba kile. Akakuona. Baadaye alinieleza mlivyoongea. Alikuuliza miaka, ukasema kumi na sita. Akauliza kwa nini karatasi zinasema kumi na minane. Ukasema, "Sijui, mama. Muulize Papa."

Ulijua. Tulikucheka nyumbani mara ngapi kwa ile miaka miwili? Ulijua, na ukanificha mimi, ukiwa wewe ndiye uliyelala kwenye saruji. Mtoto wa miaka kumi na sita alimlinda mwalimu wa miaka arobaini na tano. Kila nikifika hapo nataka kuvunja kitu.

Maître Furaha alikuja nyumbani Alhamisi mchana, viatu vyeupe kwa vumbi la barabara, mkoba wa majalada begani. Alikataa chai. Hakunipa pole. Akauliza, "Masika alizaliwa mwaka gani?"

Nikaanza kueleza kwa Kifaransa. Nilieleza habari za mfumo wa shule, za uandikishaji, za matatizo ya vyeti katika jimbo letu. Mama yako akatoka jikoni, mikono imejaa unga.

"Uniulize mimi," akasema. "Ni mimi nilimuzaa. Iko na miaka kumi na sita. Ile ya kadi, huyu ndiye aliiandika."

Kisha akanigeukia. "Baba Masika, utasema mbele ya juji ama niende kusema mimi?"

Nikasema, "Nitapoteza kazi."

"Poteza."

Alirudi jikoni. Katika maisha yangu nimesikia mahubiri mengi, hakuna lililonipiga kama neno hilo. Maître Furaha alikuwa amekwisha kutoa kalamu. Nilijaribu kumweleza kwamba mimi si mtu mbaya, kwamba nilifanya kwa kukupenda. Akanikata.

"Muwalimu, sina haja ya kujua kama wewe ni mutu muzuri. Niko na haja ya rejista, na ya wewe kusimama."

Niliandika kila kitu kwa mkono wangu, nikatia sahihi, safari hii nikiwa nimesoma. Mjomba wako alikwenda parokia ya Butembo ulikobatizwa, wakatafuta kitabu cha ubatizo, wakakuta jina lako na tarehe yako, karatasi ikateremka Goma na dereva wa lori la maharagwe. Mkurugenzi alisema hakujua lolote, na wiki ile ile nikapewa barua ya kufukuzwa. Ilikuwa na makosa mawili ya tahajia. Nilitaka kumrudishia imesahihishwa.

Faili lako likahamia mahakama ya watoto. Ulikuwepo, lakini ulikuwa unaangalia sakafu, kwa hiyo nitakuambia nilichoona. Chumba kidogo, bila watu wa kutazama. Hakimu alikuwa mzee mwenye kikohozi. Kabla ya yote alikuuliza unaitwa nani, uko darasa gani, unapenda kusoma nini. Katika miezi ile miwili ndiye mtu wa kwanza mwenye muhuri aliyekuuliza kitu ambacho si moto. Ndipo akainua karatasi ya polisi.

"Hapa ulikubali. Kwa nini?"

Maître Furaha akainama karibu nawe, "Jibu tu, hakuna atakayekugombeza."

"Papa aliniambia nikubali."

Hakimu akaandika. Aliandika kwa muda mrefu na hakunitazama. Nilitamani anitazame. Nilitamani anitukane mbele yako.

Halafu akaingia Mama Kahindo, muuza nyanya, ambaye Maître Furaha alimtafuta meza kwa meza. "Nilimuona Papa Dieumerci na macho yangu," alisema. "Mashine yake ya umeme ilikuwa inanguruma, yeye anatia esanse, sigara kwenye mudomo. Moto ulitoka kwake. Huyu mutoto alikuwa anageuza mandazi yake, tena ni yeye alinivuta mukono nikimbie."

Hakimu akauliza kwa nini hakuyasema hayo ya petroli na sigara kwa polisi.

"Nani aliniuliza?"

Hivyo ndivyo ulivyotoka. Miezi miwili ya maisha yako ilihitaji mwanamke mmoja aulize umri, na mwanamke mwingine aulizwe alichoona. Maswali mawili! Polisi hawakuuliza, parke hawakuuliza, na mimi, niliyewapiga watoto vidole kwa kujibu kabla ya kusoma swali, sikutaka kuulizwa.

Unataka kujua hasira yangu iko wapi leo? Papa Dieumerci amejenga tena, duka refu zaidi. Hakuitwa mahali popote, si kwa moto, si kwa mikono yake juu yako. Wiki iliyopita nilipita na boksi la misumari ya bosi wangu begani, akaniita mbele ya wateja, "Muwalimu! Bado uko?" Nikasema bado niko. Mkurugenzi bado ni mkurugenzi. Yule afisa aliyenipa kiti sikusikia kwamba kuna aliyemuuliza lolote. Mimi nauza misumari na bawaba kwenye duka la barabara ya Lac Vert, na usidhani ninalalamika: kati yetu wote ni mimi peke yangu niliyepata nilichostahili.

Kisha kuna Uwimana. Msichana wa Masisi uliyelala naye mkeka mmoja, asiyejua Kiswahili zaidi ya salamu, uliyemfundisha kuandika jina lake kwa kipande cha makala. Ulipotoka, usiku wako wa kwanza nyumbani hukula. Ulisema Uwimana hana hata miaka kumi na tano. Maître Furaha alihangaika naye. Lakini hakukuwa na kitabu cha ubatizo kilichopatikana, hakukuwa na rejista, hata ya uongo, na watu wa kwao walikuwa wametawanyika kwenye kambi za wakimbizi. Faili lake lilikuwa bado linazunguka vita vilipoingia mjini. Tangu hapo hatujui yuko wapi. Kila mara mtu anaponiambia kisa chako kiliisha vizuri, namfikiria yule mtoto, na sitaki kuongea na mtu huyo tena siku hiyo. Wewe ulikuwa na mama, na baba aliyechelewa. Yeye hakuwa hata na wa kuchelewa.

Na wewe pia nina hasira nawe, Masika. Lazima niiseme, maana kesho sitathubutu. Siku ile mlangoni mwa gereza, umeshika kifurushi chako cha nguo, ulinishika mkono ukasema, "Papa, imeisha. Twende nyumbani." Ulinisamehe kabla sijaomba. Mtaa ulifurahi, mama yako alilia, na mimi nikatembea nyuma yenu nikiwa nimezibwa mdomo. Haikuwa imeisha. Miaka mitatu nimekaa na msamaha ambao sikuusemea neno, kama mtu aliyepewa koti la mwingine na hawezi kulivua kwa adabu. Ulikuwa umechoka, najua. Ulitaka kitanda chako. Lakini huenda pia ulijifunza gerezani kuongea kwa namna isiyoudhi wakubwa, na nami nikawa mkubwa mmojawapo. Hilo ndilo linaloniuma.

Kwa hiyo naomba sasa, kwa maandishi, umri wangu na wako ukiwa sahihi. Nisamehe kwa rejista. Nisamehe kwa kutoinua kichwa uliposema umeshikwa kiuno. Nisamehe kwa kukuambia ukubali. Na kwa wiki nne, sana sana wiki nne. Usinijibu haraka. Ukifika Butembo, ukakaa mwezi, ukakuta bado una hasira, nipigie simu unigombeze. Nitainua. Ukikuta huna, basi, lakini iwe umeitafuta kwanza.

Kesho asubuhi mama yako ndiye atakayekusindikiza mpaka kwenye gari. Nimemwomba mwenyewe. Nikija nitalia, nawe utanibembeleza, na umekwisha kunibembeleza vya kutosha.

Jambo moja tu la kazi yako, halafu ninyamaze. Siku moja utakaa mbele ya mtoto aliyeshtakiwa, na pembeni yake atakuwa baba. Atakuwa msafi, mpole, anajua Kifaransa, na atajibu kila swali kabla mtoto hajafumbua kinywa. Atakuambia miaka. Atakuambia mtoto amekubali. Usimtukane, huenda anampenda kweli. Mwombe asimame, umtoe nje. Atasema yeye ni mzazi, ana haki ya kusikia. Funga mlango. Kaa na mtoto, na usiandike chochote mpaka aongee mwenyewe, hata ikichukua mchana mzima.

Na kama baba huyo ana sura yangu, zungusha ufunguo mara mbili.

Papa yako